Shule ya Maestir: chumba kimoja na ugomvi wa karibu miaka mia

Ukifika St Fagans, pembeni kidogo ya Cardiff, utakuta makumbusho ya wazi ambayo ni kama kijiji kilichookotwa vipande vipande kutoka kila kona ya Wales, kikapangwa upya kwenye shamba kubwa lililokuwa la lodi. Nyumba za wakulima, duka, ukumbi wa wachimba makaa, kanisa la mawe la zamani kabisa, vyote vilibomolewa kule vilikokuwa vikajengwa tena hapa. Katikati ya hayo yote kuna kijumba cha chumba kimoja ambacho wageni wengi wanakichungulia dakika mbili, wanapiga picha madawati, wanasema "aah watoto wa zamani waliteseka" halafu wanaenda zao kutafuta mkate kwenye bekari.

Hiyo ndiyo shule ya Maestir. Ilijengwa 1880 karibu na mji mdogo wa Lampeter, Cardiganshire (siku hizi wanaita Ceredigion), ikafungwa 1916, ikaletwa St Fagans 1984. Miaka 36 tu ya kazi, yaani kuna watu wana cherehani iliyofanya kazi kuliko hiyo shule. Watoto wa miaka 5 mpaka 14 walikaa humo wote pamoja, chumba kimoja, masomo kwa Kiingereza, wakati nyumbani karibu wote walikuwa wanaongea Kiwelisi.

Mimi imenikaa kichwani kwa sababu ukijaribu kujibu swali la kitoto kabisa, hii shule ilikuwa ya nani, unajikuta umetumbukia kwenye ugomvi wa Wales nzima. Dini, ardhi, lugha, kodi, vyote vimo. Na nimegundua ukitaka kuuelewa usianze na mahubiri ya mtu yeyote, anza na hela, uliza nani alitoa na alitoa kwa sharti gani.

Lakini kwanza majina, maana yenyewe tu yanachanganya. Karne ya 19 Wales ilikuwa na shule zinaitwa National na nyingine zinaitwa British, na mgeni akisikia atadhani za kwanza ni za taifa na za pili ni za serikali ya Uingereza. Wala. National zilikuwa za Kanisa la Anglikana, kupitia jumuiya iliyoundwa 1811 ambayo jina lake refu lilisema bila kuficha kwamba kazi yake ni kuelimisha maskini kwa misingi ya Kanisa rasmi. British zilikuwa za upande wa pili, madhehebu yaliyojitenga na kanisa rasmi, Wabaptisti, Wamethodisti, Independenti na wenzao, hao walisoma Biblia darasani bila katekisimu ya dhehebu lolote. Baadaye zikaja shule za bodi, na hizo ndizo zilikuwa za umma kweli. Na kuna zile zinaitwa "public school" ambazo mpaka leo ni za kulipia na ni za watoto wa matajiri, hapo msiniulize. Wawelisi wenyewe shule ya Anglikana waliita Ysgol Llan tu, shule ya kanisani. Kwa kifupi mtu alikuwa wa kanisa rasmi au wa chapeli, yaani nyumba za ibada za wale waliojitenga, na ukishajua hilo ulishajua na anampigia nani kura.

Pande zote mbili zilikuwa na ujanja mmoja wa kubana matumizi, mwalimu mmoja anawafundisha watoto wakubwa wachache, na hao wanawafundisha wadogo. Kwa kanisa ujanja huo uliletwa na Andrew Bell, kasisi Mskoti aliyeujaribu kwenye shule ya yatima huko Madras, India. Kwa chapeli uliletwa na Joseph Lancaster wa London, na wafuasi wao waligombana miaka na miaka nani alianza. Wale watoto wakubwa waliitwa monita. Ndiyo, monita yuleyule aliyekuwa anaandika majina ya wapiga kelele ubaoni, kumbe ametoka mbali.

Sasa kuna jambo linasahaulika sana. Kanisa halikuanza kwa kupiga vita Kiwelisi. Griffith Jones, padri wa Anglikana wa Llanddowror, Carmarthenshire, kuanzia miaka ya 1730 alikuwa anatuma walimu wa kuzunguka, wanapiga kambi kijiji kimoja kama miezi mitatu wakati kazi za shamba zimepungua, mchana watoto, usiku watu wazima, wanafundishwa kusoma Biblia kwa Kiwelisi, wakimaliza mwalimu anahamia kijiji kingine. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye akili timamu, mtu umfundishe kusoma kwa lugha anayoijua, mengine yatafuata. Maelfu kwa maelfu walijua kusoma kwa njia hiyo. Jones alifariki 1761, kazi ikashikwa na mama tajiri aliyekuwa anamsaidia, Bridget Bevan, naye alipofariki 1779 aliacha hela za shule kwenye wosia, ndugu wakapinga, kesi ikaenda mahakamani na hela zikakaa huko karibu miaka 30. Shule zikafa hivyo. Urithi ukigombaniwa na ndugu unajua mwisho wake, Wales au Kisii ni ileile.

Pengo likajazwa na chapeli na shule zao za Jumapili, kwa Kiwelisi, watoto mpaka mabibi. Sensa ya dini ya 1851 ilipohesabu watu kwenye ibada, zaidi ya robo tatu ya waliohudhuria Wales walikuwa upande wa chapeli. Kanisa rasmi likabaki la wenye ardhi na wa karibu yao, lakini zaka lilikusanya kwa mkulima yeyote awe wa kanisa au wa chapeli, na huko mashambani mara nyingi shule ya kanisa ndiyo ilikuwa shule pekee ambayo mtoto angeweza kufika kwa miguu akarudi kabla ya giza.

Usichukulie hilo la wenye ardhi kwa wepesi. Cardiganshire wakulima wengi walikuwa wapangaji, shamba la lodi, nyumba ya lodi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Uchaguzi wa 1868 kura zilikuwa za wazi, unasimama unasema jina la mtu wako na wakala wa mwenye ardhi yuko pale anasikia. Wapangaji wa chapeli wakapigia chama cha Liberali, na baada ya hapo familia kadhaa Cardiganshire na Carmarthenshire zikafukuzwa mashambani. Kelele zilifika Bungeni London, na ni sehemu ya sababu kura ya siri ikapitishwa 1872. Haikuishia hapo, 1876 huko Llwynrhydowen, kusini ya Lampeter, mwenye ardhi aliwafungia nje waumini wa chapeli ya Waunitaria, mojawapo ya yale madhehebu yaliyojitenga, na mchungaji wao Gwilym Marles, kwa sababu kiwanja kilikuwa chake na siasa zao hazikumpendeza. Mkutano mzima uko nje barabarani na mlango una kufuli. Miaka minne baadaye ndiyo Maestir inafunguliwa. Kwa hiyo mzazi wa chapeli akimpeleka mtoto shule ambayo lodi kaijenga na padri anaitembelea, anajua anaingia kwenye nyumba ya nani.

Waliojenga Maestir ni familia ya Harford, ya jumba la Falcondale pale Lampeter. Hawa hawakuwa watu wabaya wa hadithi. Walikuwa matajiri wa benki kutoka Bristol, na John Scandrett Harford wa kizazi cha kwanza pale alikuwa rafiki wa Wilberforce, yule mbunge aliyeongoza vita dhidi ya biashara ya watumwa, na yeye mwenyewe aliipinga. Ni yeye na ndugu zake waliotoa kiwanja kwa Askofu Thomas Burgess ili ajenge chuo cha St David's cha kuwasomesha mapadri wa Wales. Jiwe la msingi likawekwa 1822, chuo kikafunguliwa 1827. Kwa hiyo mji mdogo wa soko kama ule ukawa na chuo cha Anglikana, familia moja ya Anglikana yenye ardhi kila upande, na vijiji vyote vya kuzunguka vimejaa chapeli. Hapo tayari ushapata picha.

Chuo hicho kinarudi kwenye kisa kibaya zaidi cha hadithi hii nzima. 1846 mbunge mmoja Mwelisi, William Williams, ambaye alikuwa anawakilisha Coventry, aliomba serikali ichunguze elimu ya Wales. Nia yake ilikuwa nzuri tu, watu wake wapate shule. Serikali ikatuma makamishna watatu, Lingen, Symons na Johnson, Waingereza, wa Kanisa la Anglikana, na hakuna hata mmoja aliyejua Kiwelisi. Wakachukua wasaidizi wa kuwatafsiria, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wa chuo cha Lampeter. Cardiganshire iliangukia kwa Symons.

Piga picha hiyo siku. Mtoto wa miaka tisa kakaa kwenye benchi, mgeni mwenye suti anamuuliza swali kwa Kiingereza kuhusu Biblia ambayo mtoto ameikariri kurasa kwa kurasa, ila kwa Kiwelisi. Anakaa kimya. Mgeni anaandika: hajui.

Ripoti ikatoka 1847, juzuu tatu, jalada la bluu kama karatasi zote za Bunge. Kuhusu hali ya shule ilisema mengi ya kweli, na hilo mimi nalisisitiza maana watu huwa wanaliruka, majengo yalikuwa ya hovyo, walimu wengi hawakuwa wamefunzwa, shule nyingine zilikuwa kwenye mabanda. Lakini ikaenda mbali, ikasema Kiwelisi ni kizuizi kikubwa cha maadili na cha biashara, ikabeba maneno ya mapadri kwamba wanawake wa Wales hawana adabu, na kwamba ibada za usiku za chapeli ndizo zinaharibu vijana. Nchi nzima ikawaka. Wawelisi wakaiita Brad y Llyfrau Gleision, Usaliti wa Vitabu vya Bluu, jina lililotengenezwa kutokana na hadithi yao ya kale ya Usaliti wa Visu Virefu, pale Wasaksoni walipowaalika machifu wa Kibritoni, mababu wa Wawelisi, karamuni halafu wakawachinja. Neno usaliti halikuwa kwa makamishna tu, lilikuwa kwa wenyeji waliokaa nao wakawamwagia maneno.

Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Chapeli zikaingia siasa kwa nguvu, hilo lilitarajiwa. Lakini hapohapo wazazi wengi walewale waliokasirika walizidi kutaka watoto wajue Kiingereza, maana aibu ukipigwa nayo hadharani inaingia ndani. Mtu anaweza kukasirikia tusi na bado akaanza kuliamini usiku akiwa peke yake.

Hapo ndipo tunafika kwa kile kibao. Welsh Not. Ni kipande cha mbao chenye herufi W na N, unaweza kukifunika na kiganja, kinafungwa uzi kinavalishwa mtoto aliyekamatwa akiongea Kiwelisi. Yeye anakivaa mpaka amsikie mwenzake akiteleza, anampasia, na atakayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa. Kuna kimoja kilichobaki kutoka Pontgarreg, Cardiganshire hiyohiyo, cha mwaka 1852, kiko kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya taifa. Vilivyobaki ni vichache sana.

Msomaji wa Kenya hapa hahitaji maelezo. Sisi kwetu kilikuwa diski. Ya shule yetu ilikuwa mfupa umefungwa kamba ya katani, na mimi niliivaa Ijumaa nzima kwa kusema "nipishe" kwenye foleni ya uji. Kitu ninachokumbuka si kiboko, kiboko kiliisha dakika moja, ni vile mchana wote nilikuwa nanyemelea marafiki zangu nikiomba mmoja wao ateleze. Huo ndio ujanja wa hicho kitu, Wales na kwetu, mwalimu anaweza kwenda kunywa chai, watoto wanafanya kazi yake.

Ila kuna mambo hapa lazima yatenganishwe, maana mitandaoni yanachanganywa. Hakukuwa na sheria ya Bunge iliyoamuru Welsh Not. Ilikuwa uamuzi wa shule na walimu, wengi wao Wawelisi wenyewe, na wazazi wengi walikubali. Ilitumika sana zaidi kabla ya 1870 kuliko baadaye, na haikuwa ya shule za kanisa peke yake. Kwa hiyo ukiona makumbusho wanaitaja ndani ya Maestir, elewa wanaeleza zama. Mtu aliyeifanya ijulikane ni O. M. Edwards, aliyezaliwa 1858 Llanuwchllyn huko kaskazini, akasoma shule ya kanisa ya kijiji chake. Alikuja kuandika kwamba kile kibao kilimning'inia shingoni mara nyingi sana na hakuwahi kujaribu kumsukumia mwenzake. 1907 huyohuyo akateuliwa mkaguzi mkuu wa kwanza wa shule za Wales, akaanza kusukuma Kiwelisi kirudi darasani. Sijui wewe, mimi hapo nilisimama kidogo.

Kama haikuwa sheria, mbona Kiingereza kilishika hivyo? Tunarudi kwenye hela. Serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za pande hizi mbili, National na British, 1833, pauni 20,000 kwa Uingereza na Wales yote. Ruzuku ikakua, hazina ikalalamika, na 1862 Robert Lowe, aliyekuwa anasimamia elimu serikalini, akaleta mfumo wa malipo kwa matokeo. Mtoto akihudhuria, shule inapata shilingi 4. Halafu inspekta anakuja mara moja kwa mwaka anawatahini kusoma, kuandika na hesabu, ambazo jumla yake ni shilingi 8, na kila somo mtoto akifeli zinakatwa shilingi 2 na peni 8. Tuseme una watoto 30, wote wakifaulu yote unapata pauni 18 (pauni moja ilikuwa shilingi 20), na pauni 12 kati ya hizo ziko kwenye ulimi wa mtoto siku moja ya mwaka. Mshahara wa mwalimu mara nyingi ulifungwa kwenye hesabu hiyo. Na mtihani ni kwa Kiingereza. Kiwelisi hakikuwa na hata peni moja.

Sasa mwalimu afanye nini? Alifanya kile ambacho mwalimu yeyote mwenye njaa angefanya, watoto walikariri kitabu kizima cha kusomea, mwanzo mpaka mwisho, wakasoma mbele ya inspekta kwa sauti nzuri kabisa bila kuelewa mstari. Hapa hakuna haja ya kibao shingoni. Viwango vya hela vilibadilishwabadilishwa baadaye lakini mtindo wenyewe uliendelea mpaka miaka ya 1890, kwa hiyo Maestir ilizaliwa ndani yake. Na yale madaraja ya mtihani, Standadi ya 1 mpaka ya 6, halafu ikaongezwa ya 7, ndiyo yale yaliyopanda meli yakaja kwetu. Mzee anayekuambia "mimi niliishia standadi seveni" anataja bila kujua karatasi ya Robert Lowe.

Kwa nini lodi ajenge shule 1880, wakati serikali tayari ina shule za bodi? Kwa sababu hiyohiyo. Sheria ya 1870 ilisema mahali ambapo nafasi za shule hazitoshi, ichaguliwe bodi, ijenge shule kwa kodi ya mali ya eneo hilo. Mahali ambapo kanisa lilikuwa na nafasi za kutosha, bodi haikuwa na haja. Fikiria wewe ndiye mwenye mali nyingi kuliko wote pale, bodi ikija utalipa kodi kubwa kwa shule ambayo wakulima wa chapeli wataichagulia viongozi. Ukijenga chumba kimoja cha kwako unalipa mara moja, padri anabaki na sauti, na jina linakuwa zuri. Sisemi wote walipiga hesabu hivyo, wapo walioamini kwa dhati kwamba maskini asome, na mara nyingi ilikuwa vyote viwili kwenye kichwa kimoja. Na 1880, mwaka uleule wa Maestir, kuhudhuria shule kukawa lazima kwa kila mtoto wa miaka 5 mpaka 10. Kabla ya hapo mzazi wa chapeli angeweza kusema potelea mbali abaki nyumbani achunge. Sasa kubaki nyumbani ni kosa, na shule iliyo karibu ni ya kanisa.

Kulikuwa na kifungu cha kumlinda. Somo la dini liwekwe mwanzo au mwisho wa kipindi ili mzazi akitaka amtoe mtoto wake bila kukosa masomo mengine. Kwenye karatasi safi kabisa. Kwenye chumba kimoja, ambapo baba yako analima shamba la yule aliyejenga kuta, ni nani atainuka atoke nje kwenye baridi akasimame pale wenzake wakimuona? Mpaka 1891 wazazi walikuwa wanalipa na ada ya peni mbili tatu kwa wiki, baada ya hapo serikali ikaanza kulipa ada hiyo.

Halafu 1902 ndiyo moto. Sheria mpya ya Balfour, waziri mkuu, ikazifuta bodi, ikakabidhi elimu kwa halmashauri za kaunti, na ikasema shule za kanisa sasa zitaendeshwa kwa kodi za wenyeji, walimu walipwe na kaunti, wakati kanisa linabaki na wengi kwenye kamati ya shule na sauti ya kuchagua mwalimu. Watu wa chapeli wakaona sasa hii ni dharau, tulipe sisi aamue padri? Lloyd George, wakati huo mbunge kijana wa Caernarfon, hakuwaambia wavunje sheria, alikuwa mwanasheria bwana. Aliwaambia halmashauri zisome sheria kwa makini, inasema jengo liwe katika hali nzuri kabla ya kupokea hela, basi tumeni mafundi wakakague. Na majengo ya kanisa mengi yalikuwa yanavuja, madirisha madogo, vyoo vya aibu. Uchaguzi wa 1904 wapinzani wa sheria wakachukua halmashauri zote za Wales. London ikajibu kwa sheria ya kuzibana, kwamba halmashauri ikigoma serikali itazilipa shule moja kwa moja na kuikata hela hiyo kwenye ruzuku yake. Ugomvi ukapoa baada ya Liberali kushinda uchaguzi wa 1906, ingawa sheria yenyewe haikufutwa walivyotaka. Nikiwaza naona ni kali, mabingwa wa siasa wa nchi nzima wanapigana juu ya bomba la choo cha shule ya kijijini.

Kanisa lenyewe lilikuja kutenganishwa na dola huko Wales kwa sheria ya 1914, vita ikachelewesha, ikaanza kutumika 1920. Maestir ilikuwa imeshafungwa miaka minne.

Swali la mwisho la hela ni la majengo yenyewe, na hili linasumbua mpaka leo. Shule nyingi za aina hii zilijengwa chini ya sheria ya 1841 iliyomruhusu mwenye ardhi kutoa kiwanja kisichozidi eka moja kwa ajili ya shule ya maskini, kwa masharti mepesi, na kukiwa na ndoano: siku kiwanja kikiacha kutumika kwa shule, kinarudi kwenye mali ya aliyetoa. 1841 hilo lilieleweka. Lakini shule inafungwa baada ya miaka mia, lile shamba kubwa limeshauzwa vipande, wajukuu wa vitukuu wametawanyika, na kanisa limeshaipangisha nyumba kwa mtu na mtu ameweka jiko jipya. Ni nani mwenyewe? Kesi zikawa nyingi mpaka 1987 ikatungwa sheria kwamba kiwanja kisirudi chenyewe tu, waliokishika wawe wadhamini, wanaweza kuuza, na hela iwe ya warithi watakaojitokeza. Kwa hiyo ukipita vijiji vya Wales ukaona nyumba nzuri ina kibao Yr Hen Ysgol, Shule ya Zamani, na gari mbili nje, ujue inawezekana kabisa kuna wakili alinenepea pale.

Maestir ilipata bahati nyingine. Wataalamu wa makumbusho wakaipima, wakaivunja kwa utaratibu, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 100 mpaka St Fagans, ikasimamishwa upya. Kazi hiyo wanaijua, wamehamisha majengo zaidi ya 40 tangu makumbusho yafunguliwe 1948. Na humohumo St Fagans kuna Pen-rhiw, chapeli ndogo ya Waunitaria kutoka Dre-fach Felindre, Carmarthenshire, dhehebu lilelile lililofungiwa mlango Llwynrhydowen, yenyewe ilihamishiwa pale 1956. Kwa hiyo shule ya lodi na chapeli ya wapangaji sasa ni majirani, zinafagiliwa na wafanyakazi walewale, na kiingilio ni bure.

Lugha? Sensa ya 1891, ya kwanza kuuliza habari ya Kiwelisi, ilikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wa Cardiganshire wanakiongea, wengi wao hawajui kingine. Sensa ya 2021 ilikuta asilimia 45.3 Ceredigion na 17.8 Wales nzima. Makumbusho yanapokea watoto wa shule ndani ya Maestir, wanakaa kwenye yale madawati na kucheza siku ya shule ya enzi za Viktoria, mwalimu wa maigizo anawafokea kwa Kiingereza wakae wima. Baadhi yao wanatoka shule za Kiwelisi. Kipindi kikiisha wanatoka mbio kwenda kwenye basi, na mlangoni pale wanasukumana wakiitana kwa Kiwelisi.